Saa Kumi na Tisa Zilizopungua

412, Mtaa wa Oak,
Decorah, Iowa.
9 Oktoba 2019

Mpendwa Shangazi Ingrid,

Mlio wa kucha za Darlene kwenye kikokotoo haujanitoka masikioni tangu Alhamisi: ta, ta, ta, kama kuku anayedonoa bati. Nisamehe, nimeanza na mlio kabla ya salamu. Hujambo? Goti linaivumiliaje baridi ya Fairbanks? Mimi mzima. Baba siyo.

Kaka yako atapasuliwa utumbo Jumatano ijayo. Kwa wiki sita atahitaji mtu wa kumwosha na kumbadilishia mfuko wa choo utakaobandikwa tumboni. Tangu mama afariki, mtu huyo ni mimi.

Kwa hiyo nilimwendea Darlene, msimamizi wetu pale maabara ya mbegu, kuomba likizo ya kuuguza, ile ambayo sheria hukulindia kazi mpaka urudi. Sheria inataka uwe umefanya kazi saa 1,250 katika miezi kumi na miwili iliyotangulia likizo. Kwa siku zangu tatu kwa wiki, ninazo 1,231.

"Annika, kipenzi, umepungukiwa kumi na tisa."

"Na ile wiki ya Machi? Si mlinilipa?"

"Tulikulipa likizo. Likizo si kazi."

"Nilikuwa hospitali na baba!"

"Ndiyo hivyo. Ulikuwa hospitali, hukuwa hapa."

Akaniambia nijazie saa za ziada kidogo kidogo, niombe tena Novemba. Utumbo ungoje! Kisha akanisogezea kadi ya pole yenye picha ya bata, wamesaini wenzangu wote wa kazini. Yeye kaandika "Familia kwanza" na kuchora moyo. Hiyo ndiyo huruma yao: inasainiwa wakati wa kahawa, kalamu ikizunguka meza. Siwachukii, Shangazi. Chuki ingekuwa kuwapa heshima.

Nilipomsimulia, baba alicheka mpaka akashika tumbo. "Mwambie huyo mama aje anibadilishie mfuko yeye, tuone kama si kazi!"

Sikufichi, niliogopa. Hapa mjini maabara ni hiyo moja, nami sijui kitu kingine zaidi ya mbegu.

Wasalimie wa nyumbani kwako, Leif na mapacha. Mungu awape majira mepesi ya baridi.

Jana asubuhi nilirudisha funguo za maabara. Kitanda changu sasa kiko sebuleni, hatua tatu kutoka mlango wa baba.

Binti wa kaka yako, akupendaye,
Annika