Nguruwe Wangu Hawakuungua

Eleuterio mwanangu,

Maharage yako jikoni, yageuze yasishike chini. Kuku wape mahindi, na yule jogoo kilema mlishe pembeni, wenzake humpokonya.

Gitaa usilitafute. Nimetoka nalo.

Asubuhi nilikuona ukiwasha tanuri la mkate kwa daftari langu la mashairi yasiyo na kichwa wala miguu. Ukasema, "Mama, una miaka sabini na tisa, bado unaimba nguruwe kavaa miwani? Watu wananicheka! Imba za watakatifu kama wenzio." Mkate ulipoiva nikautafuna. Ulikuwa mtamu, siwezi kukunyima haki yako.

Leo kwa kina Baldovino wanapura ngano kwa kuikanyagisha farasi, na waimbaji tutakaa duara. Wenzangu wataimba watakatifu mpaka farasi wasinzie. Zamu yangu ikifika, naimba nguruwe, na padri akiwepo nitamwimbia yeye kwanza.

Ulidhani umenimaliza? Mashairi yote ninayo kichwani, tangu enzi za marehemu baba yangu. Lile daftari lilikuwa lako wewe, ulisome nikishakufa.

~~Nitarudi kupika chakula cha jioni.~~ Pika mwenyewe. Nitarudi wakichoka kucheka.

Mwimbaji wa huku hainuki kitini bila ubeti wa kuaga. Wako huu, na huu usiuchome:

Kwaheri, nampanda bata,
nguruwe kanishikia kofia;
daftari moto umelipata,
na moshi wake unaimba pia.

Mama yako