Jiwe la Mzee Kobelo

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini, maana nilizoea uniitikie kabla sijalimaliza. "Marahaba, Mama." Uliniita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako, na tangu uondoke hakuna aliyeniita hivyo, isipokuwa mtu mmoja, siku moja tu. Nitafika hapo.

Naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la fizikia. Mtihani wa kidato cha nne nilimaliza, matokeo bado. Nina habari kubwa ya kukupa, lakini nitaanzia mwanzo, kwa sababu hukupenda mtu aruke hatua.

Ulipopelekwa hospitali uliacha gari la Mzee Kobelo juu ya mawe. Ulikuwa umeshapinda mabomba mawili kati ya manne ya eksozi yake. Uliniambia nifunike injini kwa gunia, vumbi lisiingie, na kwamba Jumatatu tutaendelea. Nilifunika. Jumatatu ilikuja, Baba.

Baada ya mazishi yako kule Nyandira, Mzee Kobelo alishuka kutoka huko kuja kutupa pole nyumbani Morogoro. Alikaa mkekani na wanaume wengine kutwa nzima na hakulitaja gari lake hata mara moja. Nilimwona akiondoka jioni, akapita nje ya gereji, akalitazama lile gunia, akaenda zake. Ulikuwa msimu wa njegere. Wenzake walikuwa wanapeleka mizigo mjini kila siku, na yeye alikuwa anaomba nafasi kwenye malori ya watu.

Unakumbuka alivyolileta? Moshi ulikuwa unavuja chini na kupanda mpaka nyuma kwenye mzigo, na wanawake wa sokoni wakawa wanamwuliza kama kabichi zake zimekwisha kupikwa. Na mlima ulimshinda. Kila akifika kwenye kona za juu ya Mlali, injini inachemka, anasimama, mkewe anaruka na jiwe kuliweka nyuma ya tairi. Jiwe lenyewe lilikuwa linakaa ndani ya gari kama abiria. Wewe ulicheka mpaka ukashika kiuno, kisha ukamwahidi kwamba utamtengenezea eksozi mpya tangu kwenye injini hadi nyuma, na jiwe atalitupa mwenyewe.

Msamvu wamefungua gereji mpya. Siku hizi kila kitu kinafunguliwa. Wanauza eksozi zilizotengenezwa tayari, wamezining'iniza ukutani kama nguo za mitumba, nene kama mkono wa mtu mzima, na gari likitoka pale mtaa mzima unajua. Binamu Deo alisema gari la Mzee Kobelo livutwe likafungwe moja ya hizo, na vifaa vyako vitafutiwe mnunuzi. Hakusema kwa ubaya. Unajua utaratibu wetu Waluguru kuliko mimi: mimi ni wa ukoo wa Mama, na vitu vyako ni vya ukoo wenu, na Deo ndiye mtoto wa dada yako. Mitungi ya gesi, jiliwa la kubania vyuma, misumeno, tupa, vyote vilikuwa vyake kabla mtu yeyote hajatamka neno. Vilikuwa vinasubiri tu arobaini vigawiwe.

Na kabla ya kugawiwa, vya marehemu havishikwi. Nilikuwa naingia gereji kufagia, nafagia kwa kuvizunguka.

Kilichonisumbua ni yale mabomba mawili. Kila nikiyaona nilikusikia ukigonga meza kwa vidole. Moja, tatu, nne, mbili. Nilikuwa darasa la tano uliponieleza, na ulinieleza kwa foleni ya sukari ya miaka ile ya uhaba, kwa sababu ndiyo niliyoijua. Ulisema injini hii ina vyumba vinne na kila chumba kina moshi wa kutoa, na wakisukumana mlangoni hakuna anayetoka. Kwa hiyo anatoka wa kwanza, halafu wa tatu, halafu wa nne, halafu wa pili. Wa kwanza na wa nne hawakutani kamwe, basi bomba lao liungane. Wa pili na wa tatu nao hawakutani, waungane. Kisha yale mawili yawe moja, jembamba kiasi, moshi uende mbio usilale njiani. Uliniuliza kama nimeelewa, nikaitikia kwa kichwa, ukasema, "Nijibu kwa mdomo, Mama. Injini haioni kichwa."

Nilimwomba Mama amwombe ruhusa Shangazi, mama yake Deo, kule Nyandira. Sikuweza mwenyewe, unanijua. Mama alituma ujumbe kwa lori la mboga, na baada ya siku mbili dereva akarudi na jibu la Shangazi, akalikariri mbele ya watu wote dukani: "Alichoahidi marehemu kimalizwe. Siku ya arobaini gari hilo ndilo litakalotupandisha Nyandira. Likifika, tutazungumza. Lisipofika, Deo achukue vyake."

Basi nikawa na wiki tatu.

Baba, sasa nataka kukuambia kosa langu, maana wengine hawakulielewa lilivyokuwa. Wao walidhani ni gesi.

Nilichukua mchanga mtoni kama tulivyozoea. Nilijua kwamba bomba lisipojazwa mchanga litabonyea ukilipinda. Nilijua mchanga lazima ukaangwe kwanza, ili bomba likizibwa kwa vigingi vya mti pande zote mbili pasibaki ndani hata tone la maji la kugeuka mvuke. Nilikuwa nimekuona mara ngapi ukiukaanga kwenye kikaango cha Mama, na Mama akilalamika kwamba chapati zinasaga meno? Nilijua yote hayo. Lakini siku hiyo jikoni palikuwa pamejaa wanawake waliokuja kukaa na Mama, na mimi nilisimama mlangoni na ndoo yangu, wakanitazama wote, nikaona aibu kuomba kikaango. Niligeuka. Nikauanika mchanga juu ya bati juani. Juu ulikuwa mkavu. Chini sikupapasa.

Nilipasha moto bomba la tatu mpaka likawa jekundu. Mama alikuwa ameniletea uji, ameuweka juu ya benchi, ameshageuka kutoka. Kigingi kiliruka kama risasi. Kilipita aliposimama Mama muda mfupi kabla, kikatoboa bati la ukutani, kikaenda kuanguka kwenye mihogo ya jirani.

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye mafuta na kanga yake safi. Akasema ameshazika mtu mmoja mwaka huu na hana nguvu ya kuzika wa pili. Akafunga gereji, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, na siku tatu hakulifungua pindo hilo.

Siku hizo tatu nilijiuliza kama niache. Nilikuwa na sababu zote. Mama alikuwa anataka niende kusomea uhazili, na mashine za kuandikia hazirushi vigingi. Lakini kila nikifikiri kuacha, nilikuwa najua kitu kimoja: nisingekuwa nimeshindwa na bomba. Ningekuwa nimeshindwa na mlango wa jikoni. Hilo lilinikera kuliko kitu chochote.

Siku ya nne nikaingia jikoni. Wanawake walikuwepo, pengine zaidi. Nikasema, "Mama, naomba kikaango. Kile kigingi kiliruka kwa sababu sikuukaanga mchanga. Sikuukaanga kwa sababu niliona aibu kukuomba." Maneno yalitoka yote.

Mama alinitazama. Kisha akainuka, akaondoa maharage jikoni, akateleka kikaango, akanipokonya ndoo. Akaukaanga mwenyewe, Baba. Kwa mwiko wake wa ugali. Jirani wa nyumba ya pili akamwuliza kama hiyo ndiyo mboga ya leo, na mwingine akasema asisahau chumvi. Walicheka wote, na Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Alikoroga mpaka ukaacha kutoa mvuke, akaushika kwa mkono, akanipa niushike na mimi. Ndipo akafungua pindo.

Bomba la tatu lilipindika bila kubonyea. La nne nililirudia mara mbili kwa sababu lilikuwa fupi kwa upana wa kidole. Nilipima yote manne kwa uzi wa magunia, kama ulivyopima wewe. Nikaunganisha la kwanza na la nne, la pili na la tatu. Kuchomelea kwangu si kama kwako. Kuna mahali panaonekana kama kidonda kilichopona vibaya. Lakini nilipowasha injini nikaziba mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara, nikainama kusikiliza, hapakuwa na mahali palipopumua.

Deo alikuja kuangalia. Alikanyaga mafuta mara tatu, akashuka, akalizunguka gari. Akasema, "Monika, hili gari limekuwa na aibu kama fundi wake." Kwa kweli linanguruma kwa chini tu, kama mtu anayezungumza na wewe peke yako. Nilitaka kunyamaza kama kawaida. Nikamwambia likipanda mlima ataniambia tena.

Siku ya arobaini tulikuwa Mzee Kobelo kwenye usukani, Shangazi mbele, mimi na Mama na mama mmoja wa jumuiya nyuma, na nyuma yetu gunia la mchele, sufuria mbili kubwa na mafuta ya kupikia. Shangazi alikuwa ameshuka siku moja kabla makusudi apande nasi. Mzee Kobelo alimpa lile jiwe, akamweleza kazi yake. Shangazi akalipakata mapajani kama mtoto.

Tulipopita Mlali nilianza kuhesabu kwa vidole. Moja, tatu, nne, mbili. Kona ya kwanza, gia ya pili, na injini haikulalamika. Kona ya kalavati, ile anayosimama siku zote, Mzee Kobelo alipunguza mwendo kwa mazoea, na Shangazi akashika kitasa cha mlango tayari kuruka. Gari likapita. Niliona shingo ya Mzee Kobelo ikinyooka. Akaingiza gia ya tatu mahali ambapo, alituambia baadaye, hajawahi kuigusa. Chini yetu matuta ya mboga yakawa madogo, ukungu ukatukuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyenusa moshi.

Tuliposimama Nyandira, Shangazi bado alikuwa amelipakata jiwe. Akauliza, "Tumefika? Mbona sijafanya kazi yangu?"

Baada ya ibada na chakula, ndugu wakakaa kugawa. Deo alikuwa ameshafika na lori lake. Shangazi alisema kuna mtu ana neno. Nilisimama. Nikasema ninaomba vifaa. Babu mmoja wa ukoo wenu akasema hasikii. Nikasema tena, kwa nguvu, kwamba siombi kwa kuwa ni mtoto wako, naomba kwa kuwa kuna kazi ya kufanya na ninaijua.

Shangazi akasema, "Amesikika. Mimi nimebeba jiwe toka Morogoro mpaka hapa na sikulitumia. Mitungi na vifaa abaki navyo Mama." Ndivyo alivyosema, Baba. Mama. Nami ndipo nikalia.

Mila haikuweza kumwacha Deo mikono mitupu, kwa hiyo alipewa koti lako na jiliwa. Koti alilivaa palepale, mikono inampita. Kuhusu jiliwa alisema ataliacha kwanza gereji hadi apate gari la kulibebea.

Baba, yeye ni dereva wa lori.

Kuna mengine madogo. Mzee Kobelo ameleta mwenzake mwenye gari la silinda nne kama lake, Jumatatu nalianza. Mwenye gari anataka bomba nene la kelele na nimemwambia hapana, kwa mdomo, nikamweleza foleni ya sukari. Mtoto wake hakujua foleni ya sukari ni nini. Bati lililotobolewa sijaliziba. Mama anasema niliache, nilione kila nikitaka kufanya haraka.

Matokeo ya mtihani yakija vizuri nitaomba chuo cha ufundi, na likizo nitakuwa gereji. Yakija vibaya nitakuwa gereji mwaka mzima. Vyovyote, nakuahidi kwamba sitajaza bomba mchanga ambao sijaukaanga, na mchanga huo nitaukaangia kwenye kikaango changu mwenyewe, maana Mama ameshanipa kile chake, akisema hakitapika tena chapati kamwe.

Nakuacha sasa, Baba, gesi imefika na lazima nikaipokee. Pumzika. Lile jiwe lililoko miguuni pako si kwamba mtu kalisahau. Shangazi aliliweka mwenyewe kabla hatujashuka. Alisema Mzee Kobelo hana kazi nalo tena.

Mimi mwanao,
Monika