Vioo Viwili vya Kilimanjaro

Jumatatu, Mfunguo Nane 2. Voi.
Wateja watatu leo, wote makarani wa reli, wote wanataka kuonekana wanene. Nimewapiga picha. Nimekula muhogo peke yangu. Peke yangu kwa sababu mke wangu Zuhura yuko Mombasa kwa mamake tangu harusi ya dada yake. Kosa langu. Pale harusini nilisema huku bara kuna mlima una barafu juu, na jua halifui dafu mbele yake. Wote wakacheka ila mkwe wangu, Bi Shamsa. Alisema mtu anayeona barafu juani haachiwi mtoto wa watu. Nilete picha, ndipo Zuhura apande gari la moshi. Nimebakiwa na vioo viwili tu vya kupigia picha, kila kimoja picha moja. Nataka mke wangu. Basi.

Alhamisi 5. Salaita.
Siku ya pili juu ya kilima hiki. Mahandaki ya vita bado yako wazi. Nimetumbukia katika moja, mimi chini, kamera juu. Alhamdulillahi, kamera nzima. Mlima hutoka alfajiri kisha hujifunika upesi. Na alfajiri ndiyo saa ya kuswali. Nimeswali kibla mbele, jicho kushoto. Nilipotoa salamu upande wa kushoto nikakawia mno: mlima wazi, mweupe, mkubwa. Nikakimbilia kamera bila kuomba dua. Nimepiga. Sijui swala hiyo imehesabiwa nini.

Ijumaa 6. Mwatate.
Nimekisafisha kioo kwa dawa, picha itoke, katika chumba cha kuazima. Balaa. Mbingu imetoka nyeupe, barafu nyeupe, zimeshikana. Kumebaki tumbo la mlima tu, kama kichuguu. Bi Shamsa angefurahi mno. Nimepiga teke ndoo. Mguu unauma.
Jioni nimekumbuka: kioo cha manjano mbele ya jicho la kamera huitia mbingu giza. Nimepata kipande cha manjano cha taa iliyovunjika.

Jumamosi 7. Wusi.
Mahali ndipo hapa. Ukingo wa shamba la maharagwe, nyika yote chini, mlima wote mbele. Mwenye shamba ni Wakesho, mke wa seremala aliyeko kazini Taveta. Ruhusa ametoa, kwa sharti: naye awemo pichani. Na si leo, leo ana matope. Kesho, na nguo ya kanisani. Nimembembeleza. Wapi! Mwanamke huyu hata Bi Shamsa angemkimbia. Nimelala kwa jirani. Kunguni.

Jumapili 8.
Mlima umetoka. Nimemweka Wakesho pembeni. Nikiingia chini ya kitambaa cha kamera, yuko katikati. Nimemrudisha. Katikati tena. Anasema shamba ni lake, kwa nini asimame pembeni kama mgeni? Mawingu yanapanda. Nimesalimu amri. Nimefungua jicho la kamera, nimehesabu mpaka nne, macho yangu mlimani tu.

Jumanne 10. Voi.
Imetoka! Barafu yaonekana mpaka mikunjo yake. Nimecheza chakacha peke yangu katika chumba cha giza. Picha imekwenda posta, Mombasa kwa mkwe wangu. Nyuma nimeandika: Sasa mtaniamini.

Jumatatu 16.
Jibu hakuna. Siku sita. Leo nimetoa nakala nyingine, na kwa mara ya kwanza nimeitazama kama mtu, si kama fundi. Yarabi! Wakesho amejaa tele, shanga kifuani, meno yote nje, anacheka na mpiga picha. Mlima uko nyuma ya bega lake, mdogo kama kikombe kilichofudikizwa. Nimekwisha.

Alhamisi 19.
Zuhura ameshuka stesheni. Peke yake, masanduku mawili, picha mkononi. Salamu hakuna. Ameuliza huyu nani. Nimesema ni mlima. Mlima gani una meno? Abiria wamesimama kusikiliza, na mmoja ameomba aione. Nimeapa viapo vyote ninavyovijua. Mamake alipomwona mwanamke pichani alimkataza safari, naye ametoka kwa mlango wa uani. Amesema barafu iwepo isiwepo, yeye hamwachii mtu mumewe. Nimeona haya na nimefurahi, vyote pamoja. Lakini lazima nimpeleke Wusi akamwone huyo kwa macho yake.

Jumapili 22. Wusi.
Seremala yuko nyumbani, jitu la miraba minne, anampenda mkewe waziwazi. Zuhura amepoa. Alfajiri tumesimama ukingoni sote wanne na mlima ukatoka. Zuhura ametazama mpaka mawingu yakafunika. Kisha wanawake wakakaa kuambua maharagwe. Zuhura amesema mamake hataamini hata akisimuliwa. Nimemuuliza nani atakwenda kumsimulia. Amesema si yeye, na akavuta ungo karibu.