Shamba la Mwenyekiti Huchimbwa Mwisho

Mama,

Mvua imekuja, na lile shamba la chini limeenda. Udongo uliokuwa ukiuzuia kwa mawe na nyasi nimeukuta mtoni, na mbegu zako za kunde ndani yake. Mitaro haikuchimbwa kwetu hata mmoja.

Ulikuwa mwenyekiti wa mwethya miaka yote ile, akina mama na majembe yao, wakichimbiana mitaro leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila zamu yako ikifika uliisukuma mbele. "Anayeshika mwiko anakula mwisho," ulisema ukipakua isyo, mahindi yetu na maharagwe, na sufuria ikibaki na mchuzi mtupu ulicheka. Mimi nilikasirika, mama. Njaa ilikuwa ya kweli.

Ulipougua yalibaki mashamba mawili tu bila mitaro, la Syombua rafiki yako, na letu.

Tulipokwisha kukuzika tulichagua mwingine kwa mlolongo, pale nje ya kanisa. Syombua alisimama upande huu. Upande ule, bibi ya naibu wa chifu. Mahindi ya msaada yanapitia kwa bwana yake, basi unajua mstari ulienda wapi. Nilianza kwenda kwa Syombua. Haki nilianza. Nikaona nyuma yake wajane watano, wazee, nikageuka. Aliniona nikigeuka.

Sasa tunachimba kwa huyo mama. Tukimaliza kwake, kwa dada yake, halafu kwa mama mkwe wake. Yeye hashiki jembe, anakaa kwa kiti akiita majina. Ukiuliza zamu yako unaambiwa una kichwa ngumu, na jina lako linarukwa. Nyimbo ziliisha. Na bado akitokea tunapiga vigelegele! Sisi wenyewe, kwa midomo yetu. Mtu hawi hivyo peke yake, ni lazima asaidiwe.

Na wewe pia nimekukasirikia, wacha niseme. Ile sheria yako uliiweka moyoni mwako tu. Hukutuambia tuikubali sote, tuiandike. Tulidhani ni wema wako, tukakuzika nayo.

Juzi nilienda kwa Syombua kuomba msamaha. Nilikuwa na maneno mengi njiani. Akanimiminia chai, akasema, "Kunywa, mtoto wa mwenzangu, itapoa." Nililia mpaka ikapoa kweli.

Alhamisi tunachagua tena. Nitaomba kwanza iandikwe: shamba la mwenyekiti lichimbwe mwisho. Naogopa, nisikudanganye. Wajukuu wako wanakula hayo mahindi. Lakini nitasimama nyuma ya Syombua na sitageuka, hata wale wajane wakiwa wamechoka kuja, hata tukiwa wawili.

Pumzika, mama. Jembe lako nimelitia mpini mpya.

Mwanao,
Mwikali