Sarufi ya Claver na Neno "Iko"

Jumatatu, 6 Oktoba. Gitega.

Taarifa ya Makebuko imefika kabla ya chai. Maharage yapo, viazi vipo, barabara inapitika. Nimeisoma hewani bila kubadili kitu. Muyinga kimya tena.

Claver, mtengeneza programu wa redio yetu, anaringa. Zamani waandishi wa mikoani walijaza visanduku vya fomu chungu nzima. Sasa mtu anataja tu kilichopo, kwa Kiswahili, na mashine inajua yenyewe cha kufanya. Claver hakuanza upya. Alichukua kiunzi cha zamani, chenye madarasa yake, yaani mafungu ya habari, ya Soko, Mvua na Barabara, akakiongezea sarufi aliyoitunga mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba.

Zuhura kapiga simu kutoka Muyinga. Anauza vitenge, na habari za soko la huko ametuletea yeye tangu nianze kazi hii.

"Muzee, mashine yenu iko na kiburi! Naandika maharage iko, inasema kosa. Mi naona maharage, iko hapa mbele yangu!"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka: mkurugenzi amesema mkoa usiotuma taarifa hadi Ijumaa unatoka kwenye kipindi. Zuhura atatoka nao.

Jumatano, 8 Oktoba.

Nyumbani kwa Claver, mtaa wa Yoba. Kanionyesha sarufi yake. Lipo, yapo, vipo, zipo. Kila ngeli na chake. Nimeitambua papo hapo: ubao wa mwalimu wetu kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Tulikaa dawati moja, mimi na Claver. Aliyesema "iko" alisimamishwa juani.

Nikamwambia airuhusu "iko".

"Kaka, mwalimu angetuchapa."

"Mwalimu haleti habari za Muyinga."

Hakucheka. Anasema sarufi ikilegezwa, kesho kila mtu ataandika anavyotaka, na mashine itachanganyikiwa. Ana hoja. Nimeondoka na hasira hata hivyo.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Namkumbuka Mama leo. Hakusoma. Kiswahili alikiokota sokoni Muyinga kabla ya kukimbia, na miaka yote ya kambini haikukibadili. Mlango ukigongwa: "Iko nani?" Baba, nje: "Iko mimi." Sisi watoto tulivunjika mbavu. Kila jioni.

Natamani kuwasikia. Basi.

Nimemkumbusha Claver hayo. Uji wa Mama ameunywa sana. Akafungua kompyuta.

Ijumaa, 10 Oktoba.

"Iko" imeingia. Claver ameiweka kwenye darasa mama, lile ambalo Soko, Mvua na Barabara yametoka kwake. Mstari mmoja tu. Watoto wote wameirithi.

Taarifa ya Zuhura imepita asubuhi. Mvua iko. Maharage iko. Barabara iko na matope. Nimeisoma hewani kama ilivyo. Mkurugenzi alisikiliza, akarudi ofisini kwake. Muyinga imebaki.

Zuhura kapiga: "Sasa imepata akili."

Jumapili, 12 Oktoba. Muyinga.

Asubuhi kijijini Butihinda, kung'oa magugu kwenye kaburi la Mama. Baba yuko pembeni yake. Majirani wamepanda mihogo hadi karibu. Sawa tu.

Wakati wa kurudi nimepita kwa Zuhura. Miaka yote hii, sijawahi kufika kwake. Manyunyu. Mlango wa bati, wa buluu. Nikagonga.

"Iko nani?"

Nikavua kofia.

"Iko mimi."