Maneno ya Kuomba Kiluma

Mjukuu wangu Mwende,

Barua yako kutoka Brazili nilichapishiwa na mwalimu pale saiba ya Kithimani, kwenye duka la kompyuta. Huku hatujambo. Babako anavuna mbaazi, na ng'ombe amezaa.

Unasema huko Bahia kuna mama mzee ambaye hachumi jani la dawa kabla ya kuliimbia na kuliomba ruhusa. Unaniuliza mamangu, aliyekuwa mganga, alikuwa akisema nini.

Sijui.

Nilikuwa msichana, nimebatizwa juzi tu. Mama aliniita shambani, akapiga magoti mbele ya kiluma, ule mshubiri wa kutibu vidonda. Akaniambia, "Mutanu, sikiza, nitasema pole pole." Nikaziba masikio, nikaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa. Alisema yote hadi mwisho, macho yake yakiwa kwangu. Hakurudia tena mpaka akafa.

Wazee wa huyo mama wa Bahia walivushwa bahari wakiwa wamefungwa minyororo, na maneno yao hawakuyaacha. Mimi nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mamangu.

Kiluma bado kiko. Nakikata nikiwa kimya. Ule wimbo ndio naukumbuka, beti zote nne.

Susu yako,
Mutanu