Jina la Aliyelala Kwenye Kahawa

Hasamba, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
16 Juni 2024.

Mpendwa shangazi Gwantwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na Baba Yesaya, ameacha kukohoa? Huku kwetu baridi inauma, nadhani huko Mpanda mnaota jua tu. Mume wangu Andongwisye ni mzima. Mwanetu Lusubilo ameng'oka meno mawili ya mbele, akikutaja anasema "thangathi" na mate yanaruka.

Habari njema zinaishia hapo, shangazi. Unisamehe.

Mwezi wa tatu nilijifungua mtoto wa kike. Najua wewe uliambiwa kwa simu kwamba mimba iliharibika, maana ndivyo mama mkwe alivyowaambia watu wote. Haikuharibika. Mtoto alizaliwa, akalia, akaishi usiku ule mpaka asubuhi. Alikuwa na nywele nyingi, na kidole chake cha mwisho cha mguu kimepanda juu ya mwenzake, kama cha marehemu baba. Alinishika kidole hiki ninachoshikia kalamu.

Wazee wa kike walimchukua wakamzika nyuma ya nyumba, kwenye kahawa, kimyakimya, kama ujuavyo wanavyofanya kwa kichanga. Hakuna aliyekuja kulala matanga kwangu. Maziwa yakajaa, nikawa nayakamulia kwenye kikombe na kuyamwaga. Nilipolia, mama mkwe akasema, "Nyamaza, unajifunga uzazi. Wewe hujafiwa. Aliyefiwa ni Ferista."

Ferista ni jirani yetu, alifiwa na mumewe wiki ileile, na watu walijaa kwake mpaka uani. Nilikwenda nikakaa msibani kwake, nikamlilia wangu humo humo.

Baadaye nikaacha kula. Zahanati wakanielekeza hospitali kwa mwanasaikolojia, yule anayetibu watu kwa mazungumzo. Mama mkwe akacheka: "Haya, nenda kwa daktari wa vichaa, ukirudi utuletee na sisi dawa."

Anaitwa Imelda, kwao Bukoba. Benchini kwake nilimkuta dereva wa lori, Mzambia, aliyefiwa na utingo wake kwenye foleni ya mpakani Tunduma, na bibi mmoja wa Kiislamu. Yule dereva hawezi kukaa ndani ya chumba, kwa hiyo Imelda anatembea naye uani, akiokoteza Kibemba mpaka dereva mwenyewe anamcheka. Yule bibi anatandikiwa mkeka, na Imelda anangoja amalize kuvuta tasbihi ndipo amwulize neno. Mimi alinikalisha kitini akanitazama usoni, nikamweleza habari za baridi tu. Siku nyingine akaja kukaa ubavuni kwangu, tukachambua maharage niliyokuwa nayo kwenye kikapu. Hapo nikasema, macho yangu yako kwenye maharage.

Kisha akaniambia nimchagulie mtoto jina, nizungumze naye. Niliondoka, na sikurudi kwa muda. Niliona kama ananituma nikaibe. Niliporudi nikamweleza kwamba katika ukoo wetu mama hampi mtoto jina, jina linatoka kwa shangazi. Akasema, "Nilikosea, Jenista. Nilikupa kazi isiyo yako. Sasa huyo shangazi yuko wapi?"

Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ningelia tu.

Nakumbuka ulivyompokea Lusubilo. Ulimbeba mpaka mlangoni penye mwanga, ukaifungua kanga, ukasema, "Masikio haya ni ya kaka yangu, anayebisha aje hapa!" Ndipo ukamwita jina lake. Huyu wa kike hakuna aliyemfungua akamtazama ila mimi.

Mama mkwe anasema kumpa jina aliyekwenda ni kumwita arudi kutusumbua. Huenda na wewe utasema hivyo. Sijui kama jina litaniponya. Imelda hakuniahidi, na mimi mwenyewe sioni cha kuniponya. Bado naamka nikipapasa kitanda.

Ila sasa ni msimu, shangazi. Wachumaji wanaingia shambani na ndoo zao, wanataniana, na njia yao inapita juu ya mwanangu hasa. Juzi dada mmoja alitua ndoo pale pale ili afunge kanga yake vizuri. Nikafungua mdomo nimwambie atoke. Nikawaza, akiniuliza hapa pana nani, nitamjibu nini? Nikaufunga. Nikamsaidia kujitwisha ndoo.

Nisalimie Baba Yesaya, na Goodness, na Enoka. Andongwisye anakusalimu. Hajui ninaandika nini, lakini aliniona nikifuta uso juu ya karatasi, akamchukua Lusubilo wakakae nje. Mungu akutunzie hilo goti, akupe na usingizi ambao mimi sina.

Sikuombi uje, safari ni ndefu. Nakuomba neno moja tu. Nitumie, ili na mimi niweze kuwaambia watu wapite pembeni.

Mtoto wa kaka yako, ninayekupenda siku zote,
Jenista